Jinsi ya Kutoa Kutu Ndani ya Tenki la Mafuta la Pikipiki ya Zamani

Tenki la pikipiki iliyosimama muda mrefu huoza kutokea ndani. Nje rangi bado inang'aa, lakini ukifungua kifuniko unakutana na kuta za rangi ya udongo mwekundu. Dalili zake huonekana kwanza kwenye kabureta. Injini inawaka, inakwenda mwendo mfupi, inakosa nguvu, inazima. Unafungua kabureta, unapuliza jeti (vitundu vyembamba vinavyopitisha mafuta), pikipiki inapona siku mbili tatu, kisha ugonjwa unarudi uleule. Pengine petroli inamwagika chini kwa sababu chembe ya kutu imekwama kwenye sindano ya floti (boya linalofunga mafuta kabureta ikijaa) na kuizuia isifunge. Hapo hata ukiisafisha kabureta mara kumi, unajichosha bure, maana uchafu unashuka kutoka juu.

Kuitoa kutu yenyewe si kazi ngumu. Asidi hafifu na subira vinatosha. Kinachowashinda wengi ni ile nusu saa ya baadaye, chuma kikiwa uchi na kimelowa, kinapoanza kushika kutu mpya mbele ya macho yako. Kwa hiyo soma mpaka sehemu ya kukausha kabla hujanunua hata chupa moja ya dawa.

Kutu inatoka wapi

Petroli haileti kutu. Maji ndiyo yanayoileta. Tenki lililojaa nusu lina hewa, na hewa hiyo ikipoa usiku, unyevu wake hugeuka matone kwenye dari ya tenki. Matone huteleza, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hutuama chini kabisa kwenye kona, mahali ambapo hata koki, yaani bomba la kufungulia mafuta chini ya tenki, haiyafikii. Petroli iliyochanganywa na ethanoli ina tabia nyingine: ethanoli, ambayo ni aina ya pombe, hunyonya unyevu, na maji yakizidi, ethanoli hujitenga na petroli ikashuka chini pamoja na maji hayo. Ndiyo maana sehemu zinazoliwa zaidi huwa mbili, dari na kona za chini. Ukisafisha zile kuta za katikati unazoziona kwa urahisi na kuziacha hizo mbili, hujafanya kitu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, tena ina vinyweleo. Hivyo inafura, inabanduka magamba, na chini yake chuma kipya kinabaki wazi kuliwa. Haisimami yenyewe.

Kwanza chunguza kama tenki lina uhai

Mulika ndani kwa tochi ndogo ya LED. Usitumie kiberiti wala mshumaa, hata kama tenki halijaona mafuta kwa miaka. Ukipata kamera ndogo ya waya inayounganishwa kwenye simu, subiri kwanza tenki likaushwe na kuoshwa, ndipo uiingize, maana hicho ni kifaa cha umeme.

Ukiona vumbi la rangi ya chungwa tu, linalofutika kwa kidole, kazi yako ni nyepesi. Ukiona magamba yanayobanduka na vipele vyeusi, utahitaji kutikisa kwa mnyororo kabla ya asidi. Ukiona malengelenge kwenye rangi ya nje, hasa sehemu ya chini, kuna uwezekano mkubwa kuwa kutu imeshatoboa au imebakiza ngozi nyembamba. Bonyeza hapo kwa kidole gumba, kisha gonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Pakibonyea au pakitoa sauti ya kitu laini, jiandae kuona matundu baada ya kusafisha, kwa sababu mara nyingi kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeyaziba. Asidi haikutoboa tenki. Imelivua kiraka tu.

Weka pia sumaku juu ya tenki. Isiposhika, tenki ni la alumini au plastiki na mwongozo huu haulihusu.

Hatari iliyopo kwenye tenki tupu

Watu huogopa tenki lililojaa na kulichezea lililo tupu. Ukweli ni kinyume chake. Petroli haiwaki ikiwa kimiminika. Unaowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mvuke ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa unatosha kulipuka. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse juani. Tenki tupu limejaa mchanganyiko huohuo. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni ukaenda kutafuta jiko au swichi iliyo mbali nawe.

Fanya kazi nje. Pasiwe na sigara, jiko, mashine ya kukatia chuma wala kuchomelea karibu. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Asidi ya kiasi tunachotumia hapa haitakuunguza ngozi papo hapo, lakini tone moja jichoni litakupeleka kwa daktari. Kuwe na maji mengi ya kusuuzia karibu.

Na usimpe mtu achomelee tenki hilo kabla halijaoshwa na kuondolewa mvuke kabisa, hata akikuambia amezoea.

Kushusha na kufungua tenki

Funga koki, chomoa mpira wa mafuta, weka chombo cha chuma au dumu la mafuta chini yake, kisha fungua koki uache petroli itoke. Baadhi ya koki hufunguliwa na mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa hazitoi kitu. Hizo zigeuze kwenye alama ya PRI. Chomoa waya wa geji ya mafuta kama upo. Ondoa kiti, fungua bolti za nyuma ya tenki, linyanyue kidogo nyuma na ulivute kuelekea kwenye kiti. Mbele huwa limekaa juu ya vitako viwili vya mpira. Likigoma, litikise kushoto na kulia badala ya kulivuta kwa nguvu.

Sasa toa kila kitu kisicho chuma cha tenki: koki na chujio lake la wavu, geji na floti yake, kifuniko na mpira wake. Pikipiki ya sindano za mafuta (isiyo na kabureta) ina pampu ndani ya tenki, nayo lazima itoke pamoja na gasketi yake. Usijidanganye kwamba utamwaga asidi kidogo bila kuigusa.

Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Tikisa, mwaga, rudia mpaka harufu ya petroli iishe na maji yasiwe na utando wa mafuta juu. Hatua hii haina mvuto na ndiyo watu wanaoiruka. Petroli iliyooza huacha gundi ya rangi ya kahawia juu ya kutu, na asidi haipenyi gundi hiyo. Sabuni ikishindwa, sukasuka ndani kwa asetoni kidogo au kiyeyushi cha kusafishia kabureta, mwaga, kisha osha upya kwa sabuni. Asetoni isiguse rangi ya nje.

Kubandua magamba kwa mnyororo

Kama kutu ni vumbi tu, ruka hapa.

Kwa magamba, wengi hutumia nati, misumari au kokoto. Vyote hubandua, lakini tenki la pikipiki lina handaki katikati linalokaa juu ya fremu, na pande zote mbili za handaki kuna mifuko ya kina. Nati ikiingia humo utaitafuta mpaka jioni. Mnyororo mwembamba wa chuma, urefu wa mkono mmoja hivi, ni bora zaidi: unakwaruza vizuri na ukishika ncha moja umeutoa wote. Funga ncha hiyo kwa waya unaobaki nje ya mdomo wa tenki. Kama ni lazima utumie nati, zihesabu zikiingia na uzihesabu zikitoka.

Weka mnyororo na maji ya sabuni kama lita moja, ziba mdomo, funika tenki kwa blanketi ili rangi isikwaruzike, kisha litikise ukiligeuza kila upande, pamoja na kichwa chini ili dari nayo ipate zamu yake. Dakika kumi, pumzika, mwaga, tazama. Maji yakianza kutoka bila vipande vikubwa, inatosha. Usisubiri chuma king'ae, kung'arisha ni kazi ya asidi.

Asidi ipi?

Chaguo langu ni asidi ya sitriki, ile inayouzwa ikiwa unga mweupe wa chembechembe. Haitoi moshi wa kukera, haili chuma kizima kwa pupa, na hata ikikurukia kwenye rangi unapata muda wa kuisuuza. Kipimo cha gramu 80 hadi 100 kwa kila lita ya maji kinafanya kazi vizuri. Tenki la lita 12 linataka takriban kilo moja. Maji yawe ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono haraka, si ya kuchemka. Joto huharakisha kazi sana.

Siki nyeupe ya asilimia 5 nayo inatoa kutu, ila inataka siku nzima mpaka siku kadhaa, na unalazimika kuitumia bila kuichanganya na maji, hivyo unahitaji nyingi. Kwa tenki dogo lenye kutu nyepesi siikatai. Asidi ya fosforiki inapatikana katika dawa nyingi za kutoa kutu. Sifa yake ni kuacha utando wa kijivu wa fosfeti unaochelewesha kutu mpya kidogo. Ukiipata, fuata kipimo cha kwenye chupa. Zipo pia dawa za kisasa zisizo asidi kali, zinazonasa madini ya kutu bila kugusa chuma kizima wala rangi. Ni nzuri, ubaya wake ni kwamba kulijaza tenki zima kunahitaji galoni kadhaa.

Soda ya kola? Ina asidi ya fosforiki, lakini kidogo mno, na sukari yake itakuachia kazi nyingine ya kuosha. Molasi iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji inafanya kazi kweli, tena kwa upole, ila ni wiki kadhaa na harufu ambayo majirani hawatakusamehe.

Ninayoikataa ni asidi ya haidrokloriki, ambayo ndiyo iliyo ndani ya dawa nyingi kali za kuoshea vyoo. Inamaliza kutu kwa dakika chache, na haiishii hapo: inaendelea kula chuma chenyewe, na kwenye tenki ambalo kutu imeshalikondesha, hizo dakika chache za ziada ndizo tofauti kati ya tenki na chujio. Mvuke wake utashikisha kutu spana zako zote zilizo karibu. Na asidi yoyote unayotumia, isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo; mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ni sumu.

Kuloweka

Ziba tundu la koki. Kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo la koki, chini yake mpira wa tyubu, kikafungwa kwa bolti zilezile za koki, kinashika vizuri. Tundu la geji lizibe vivyo hivyo. Usitumie koki yenyewe kama kizibo, kwa sababu imetengenezwa kwa aloi laini na asidi itaila kabla ya kula kutu.

Paka grisi au mafuta mazito ya mgando kuzunguka mdomo wa tenki na juu ya rangi iliyo karibu, funika kwa plastiki, kisha acha ndoo ya maji safi na kitambaa kando. Asidi ikimwagika kwenye rangi, isuuze saa hiyohiyo.

Kalisha tenki ndani ya tairi kuukuu ili lisiyumbe. Likijaa maji ni zito. Yeyusha unga wa sitriki kwenye ndoo kwanza, koroga mpaka uishe, ndipo umimine ndani. Jaza mpaka mdomoni. Hapa ndipo ile habari ya dari inapokuja: tenki likijazwa nusu, dari haitaguswa, na ule mstari ambapo asidi inakutana na hewa utaliwa zaidi kuliko kwingine. Kama mdomo wa tenki si sehemu yake ya juu kabisa, hewa itabaki imejificha mbele au nyuma. Liinamishe upande mmoja, kisha baada ya saa kadhaa liinamishe upande wa pili.

Usifunge mdomo kwa kukaza. Asidi ikigusa chuma hutoa gesi ya haidrojeni kidogo kidogo, nayo inataka pa kutokea. Ufunike kwa kitambaa tu, na moto ukae mbali.

Angalia kila baada ya saa mbili au tatu. Maji yataanza kuwa ya manjano, yatageuka kijani, kisha kahawia iliyokolea. Mwagia kidogo kwenye kikombe cheupe uone. Kutu nyepesi huisha ndani ya saa chache. Nzito inaweza kulala usiku kucha. Ikiwa baada ya usiku mzima bado kuna mabaka na maji yameshakuwa meusi, asidi imechoka. Mwaga, weka mpya. Chuma kilichosafishika huwa cha kijivu kisichong'aa, si cha fedha. Utando mweusi unaofutika kwa kidole ni wa kawaida, utatoka kwa kuosha. Usiache asidi siku tatu nne ati ndiyo itasafisha zaidi. Kutu ikiisha, kinacholiwa ni tenki lako.

Njia ya umeme, kwa kutu sugu

Wapo wanaoipenda elektrolisisi, na kwa tenki lililoliwa sana ninawaelewa: haili chuma kizima hata ukiisahau. Jaza maji yenye soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Ingiza nondo safi kupitia mdomo wa tenki, iliyoshikiliwa na kizibo cha mbao chenye matundu ya kupitisha gesi, isiguse chuma cha tenki popote. Upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12 uende kwenye tenki, upande chanya uende kwenye nondo. Ukikosea ukageuza, tenki ndilo litakaloliwa.

Nondo itajaa matope mekundu; itoe kila baada ya saa kadhaa uikwangue. Kabla ya kugusa kibanio chochote, zima chaja ukutani kwanza, kwa kuwa njia hii inatoa haidrojeni nyingi kuliko asidi na cheche moja inatosha. Usitumie kijiko wala bomba la stenlesi badala ya nondo, kwani lina kromiamu ambayo umeme huigeuza kuwa sumu ndani ya maji. Chaja za kisasa zenye akili mara nyingine hukataa kuwaka zisipohisi betri. Za zamani hazina maswali.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba umeme husafisha vizuri zaidi sehemu zinazotazamana na nondo. Mifuko ya pembeni ya handaki hubaki nyuma. Itabidi uikunje nondo na kuisogeza. Kwa pikipiki, naona asidi ya sitriki inafika kila kona bila kuambiwa.

Kusuuza na kukausha

Kabla hujamwaga asidi, panga kila kitu mezani: maji ya moto, bikaboneti ya soda, spiriti, pampu ya hewa au kompresa, mafuta ya tu-stroki. Ukianza huwezi kwenda dukani.

Mwaga asidi kwenye ndoo. Suuza tenki mara mbili kwa maji. Changanya bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa lita, ujaze kiasi, utikise na kuligeuza ili ifike kila mahali. Itatoa povu, kwa hiyo usizibe. Dakika kumi zinatosha. Povu likikoma, asidi imeisha nguvu. Mwaga, kisha suuza mara ya mwisho kwa maji ya moto sana, kama ya kuchemka lakini si juu ya rangi. Maji ya moto yana faida moja kubwa: chuma kinapata joto na kinaanza kujikausha chenyewe.

Sasa kimbia. Ndani ya dakika chache utaona ukungu wa manjano ukitanda kwenye kuta. Una njia mbili, chagua moja.

Ya kwanza ni hewa ya moto: ingiza mdomo wa kikaushia nywele kwenye tundu la mafuta, acha tundu la koki wazi ili hewa ipite, ugeuze tenki kila baada ya dakika chache. Zile kona za pembeni ya handaki ndizo zinazochelewa.

Ya pili ni spiriti. Mimina nusu lita, sukasuka kila upande, mwaga, rudia. Spiriti hushika maji yaliyobaki na kuondoka nayo. Kisha puliza hewa baridi ya kompresa au pampu mpaka harufu iishe kabisa. Usichanganye njia hizi: kikaushia nywele kina waya unaowaka mwekundu ndani yake, na tenki lenye mvuke wa spiriti halitofautiani sana na lenye mvuke wa petroli.

Tenki likikauka, usiliache uchi hata kwa usiku mmoja. Mimina robo lita ya petroli iliyochanganywa na mafuta ya tu-stroki nusu kwa nusu, ligeuze mpaka kila ukuta upate, mwaga yaliyozidi. Mafuta hayo hayatadhuru injini. Yataungua na kutoa moshi kidogo siku ya kwanza. Kama utaliweka muda kabla ya kulirudisha, nyunyizia mafuta mepesi ya kuzuia kutu na uzibe matundu yote.

Ule ukungu wa manjano ukikuwahi, usivunjike moyo. Tengeneza asidi ya sitriki nyepesi, gramu 20 au 30 kwa lita, sukasuka dakika kadhaa, na urudie kusuuza na kukausha, safari hii kwa haraka zaidi. Ukungu mwembamba kama wa poda hauzibi jeti. Magamba ndiyo yanayoziba.

Asidi iliyotumika itulize kwa bikaboneti ya soda mpaka isitoe povu kabla ya kuitupa. Petroli chafu ni habari nyingine: haimwagwi mtaroni wala ardhini, peleka kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu.

Kupaka epoksi ndani: si lazima

Kuna seti za epoksi (utando mgumu kama wa plastiki) za kupakia ndani ya tenki, na wapo wanaozipaka kila tenki wanalosafisha. Mimi nazichukulia kama hatua ya mwisho, kwa tenki lenye vitundu vidogo vidogo tu. Epoksi iliyoshika vizuri hudumu. Iliyopakwa juu ya kutu kidogo, mafuta kidogo au unyevu kidogo huanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu, na vipande vyake ni vibaya kuliko kutu: havitoki kwa asidi, vinaziba koki, na kuvitoa kunataka viyeyushi vikali vinavyoharibu rangi.

Ukiamua kupaka, hakikisha chuma kimekauka kabisa, bila yale mafuta ya tu-stroki. Ziba nyuzi za koki na geji zisijae epoksi. Angalia kama ndani ya tenki kuna kibomba chembamba cha kupitisha hewa au maji ya mvua, kinachotokea chini ya tenki. Kizibe kwa waya wenye grisi wakati wa kupaka na uchomoe kabla epoksi haijakauka. Geuza tenki polepole mpaka epoksi ienee, mwaga ziada yote isitengeneze dimbwi kwenye kona, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa na watengenezaji, si muda unaoona wewe unatosha.

Kurudisha

Weka gasketi mpya ya koki na chujio jipya la wavu. Mpira wa mafuta uliokakamaa badilisha. Kati ya koki na kabureta funga filta ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani. Itakuambia kila kitu kuhusu kazi uliyoifanya. Puliza tundu la kupumulia la kifuniko, kwa sababu likiziba, tenki hujenga ombwe na mafuta hukata, nawe utadhani kutu imerudi. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa sasa, si kabla.

Usijaze tenki moja kwa moja. Weka lita moja, sukasuka, ipitishe kwenye kitambaa cheupe uone kinachotoka. Ikitoka safi, jaza, kalisha tenki juu ya gazeti kavu kwa saa kadhaa, na uangalie kama kuna doa lolote chini. Bora uone tundu hapo kuliko juu ya injini ya moto.

Baada ya safari za kwanza, fungua skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli la kabureta na umwage kidogo kwenye chupa ya kioo. Vumbi jepesi la awali litaisha. Filta ikianza kugeuka kahawia, ibadilishe bila kusita.

Pikipiki ikikaa wiki nyingi bila kutumika, jaza tenki mpaka juu kwa petroli isiyo na ethanoli kama inapatikana, ili pasiwe na hewa ya kuleta matone. Kama ni miezi mingi, mwaga yote, kausha, paka mafuta ndani. Na ukikuta maji chini ya chupa ile ya kioo ilhali tenki lilikuwa limejaa, kagua mpira wa kifuniko na kile kibomba cha maji ya mvua kilicho kando ya mdomo wa tenki. Kikiziba kwa vumbi, maji ya mvua na ya kuoshea pikipiki hutuama kuzunguka kifuniko na kuingia ndani kidogo kidogo. Waya mwembamba unatosha kukizibua.